Mama hakuchelewa

SEHEMU YA 1

Leo siwaletei uji wa lishe wala ratiba ya chanjo. Nimetoka zamu ya usiku, sijalala, na nina hasira. Nitaandika kwa vipande, maana jambo lenyewe ni refu na mtoto wangu anataka chai.

Kuna neno nimelichoka. Neno lenyewe ni hili: "Mama alichelewa kufika."

Akifariki mzazi mtaani, utalisikia msibani. Utalisikia kwa mwenyekiti wa mtaa, utalisikia kwa wifi yake, utalisikia kwa kiongozi anayehojiwa redioni, na tusifichane, utalisikia kwetu sisi wavaa magauni meupe. Alichelewa. Alikaa nyumbani anakunywa dawa za kienyeji. Alimsubiri mume arudi safari. Marehemu hana wa kumjibia, kwa hiyo neno linabaki hapo hapo juu ya kaburi lake. Na wewe mwenye mimba uliyekaa kwenye mkeka unasikiliza, unaondoka na somo moja tu: nikifa, kosa langu.

Sikatai kwamba wapo wanaochelewa. Mwanamke wa kijiji ambacho masika barabara inakatika, akichelewa utamlaumu nini? Hata huko mambo yameanza kubadilika, sasa kuna mfumo wa m-mama, unapiga 115 bure na gari linatafutwa hata kama ni la dereva wa kijijini. Andika hiyo namba nyuma ya kadi yako ya kliniki sasa hivi kabla hujaendelea kusoma.

Lakini wengi wenu mnafika. Nawaona. Mnafika na kadi, kliniki mmehudhuria, begi limepangwa tangu mwezi wa nane, kanga tano, vijisoksi vya rangi ya maziwa kwa sababu hamkutaka kujua ni wa kike au wa kiume. Mkishafika, mnakuta nini? Hilo ndilo ninalotaka tuzungumze.


SEHEMU YA 2

Namba kidogo. Msikimbie, ni chache na zinaeleweka.

Kila baada ya miaka kadhaa nchi yetu inafanya uchunguzi wa afya ya familia, wale vijana wa takwimu wanaopita nyumba kwa nyumba kuuliza umezaa wangapi, wapi, na wangapi wako hai. Mwaka 2010 waliozalia kwenye vituo vya afya walikuwa nusu, asilimia 50. Mwaka 2015/16 wakafika 63. Mwaka 2022 wakafika 81. Yaani sasa ni wanne kati ya kila watano.

Sasa tazama watoto wachanga, wale wa siku 28 za mwanzo. Mwaka 2010 walikuwa wanakufa 26 katika kila 1,000 wanaozaliwa hai. Mwaka 2015/16 wakawa 25. Mwaka 2022 wakawa 24.

Soma tena taratibu. Vituoni mmetoka 50 mkafika 81. Vifo vya wachanga vimetoka 26 vikafika 24.

Sitaki kuwa mwongo wa upande wa pili. Vifo vya akina mama katika uchunguzi huo huo vimeshuka sana, kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 hadi 104. Vifo vya watoto chini ya miaka mitano navyo vimetoka 67 hadi 43 kwa kila 1,000, chanjo na vyandarua vimefanya kazi yake. Anayekwambia hakuna kilichofanyika hajawahi kuona wodi ya watoto ya miaka ya malaria ile kali. Ila hebu ona: mtoto anayepona ni yule aliyekwisha vuka mwezi wa kwanza. Yule ambaye roho yake inategemea kile kinachofanyika leba, saa ile ile, mikononi mwetu, ndiye ambaye namba yake imekataa kushuka.

Atakuja msomi kwenye komenti aseme uchunguzi kama huu una mpaka wake wa makosa, tofauti ya moja au mbili si kitu. Sawa kaka yangu, ndicho ninachosema na mimi. Si kitu. Miaka kumi na miwili, na mabadiliko si kitu.

Tuliwaambia msizalie nyumbani. Tukawasema wakunga wa jadi mpaka wakaogopa kushika mzazi. Sehemu nyingine vijiji vikaweka faini kwa anayejifungulia nyumbani. Mkasikia. Mkauza kuku, mkalipa bodaboda, mkaja. Nyie mmetimiza upande wenu wa makubaliano. Upande wetu je?

Kwa mwaka tunazaa watoto zaidi ya milioni 2 nchini. Piga 24 kwa kila elfu, unapata kama watoto 48,000. Uwanja wa Benjamin Mkapa unabeba watu 60,000. Wangeujaza karibu wote, kila mwaka.


SEHEMU YA 3

Nimeamka. Tuendelee.

Wengine mmeniandikia inbox: "Nesi, sasa kinachokosekana ni nini, mashine?" Hapana mpenzi. Ngoja nikuingize leba nikuonyeshe.

Mtoto ametoka, halii. Sisi tuna dakika moja. Tunaiita dakika ya dhahabu. Unamfuta, unamsugua mgongo, unamwangalia; asipovuta hewa unachukua ambu, kile kimpira cha kumpumulisha, unamfunika pua na mdomo na kuanza kumpa hewa. Wengi wanaokufa kwa kukosa hewa wanakufa kwa sababu hayo hayakufanyika ndani ya muda, na si kwa sababu hatuna mashine ya mabilioni. Ambu si kitu cha bei ya kutisha. Lakini ili ifanye kazi panatakiwa vitu vitatu kwa pamoja: iwe karibu, barakoa yake iwe ya saizi ya mtoto mchanga, na anayeishika awe amefanya hivyo karibuni, si mara moja mwaka ule alipokuwa chuo.

Kituo kimoja nilichowahi kufanya kazi, ambu ilikuwa inafungiwa kabatini isiibiwe. Ufunguo ulikuwa unalala nyumbani kwa mkubwa. Ipo kwenye orodha ya mali, mkaguzi akija anaiona, anatia alama ya vema, anaondoka. Mtoto aliyezaliwa saa nane usiku haimfai kitu.

Damu ndiyo hiyo hiyo. Mama akishajifungua akitoka damu nyingi, tuna muda mfupi sana. Na kwa miaka yote tumekuwa tunakadiria kwa macho: kanga imelowa, shuka limelowa, unasema "hii ni ya kawaida". Macho yanadanganya. Mwaka 2023 ulitoka utafiti mkubwa uliofanyika kwenye hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na hapa kwetu Tanzania, kwa wazazi zaidi ya 200,000. Walimwekea mama karatasi ya plastiki yenye mfuko na mistari ya vipimo, damu inaingia humo unasoma ni kiasi gani, na ikifika mstari fulani matibabu yote yanaanza mara moja bila kungoja kwanza tuone. Tatizo la kutoka damu nyingi mno, upasuaji wa dharura na kifo likapungua kwa asilimia 60. Huko kwa kukadiria macho, akina mama waliokuwa wanavuja damu kupita kiasi waligunduliwa kama nusu tu. Kwa plastiki ile, zaidi ya tisa kati ya kumi.

Plastiki yenye mistari, jamani.

Na ile sindano ya paja unayochomwa mara tu mtoto anapotoka, inayofanya mfuko wa uzazi ujikaze, inaitwa oksitosini. Inatakiwa ikae kwenye baridi, nyuzi 2 hadi 8. Umeme ukikatika siku mbili, friji ya kituo haina jenereta wala sola, dawa inaanza kupoteza nguvu. Mkunga anachoma akiamini amekukinga. Ukiendelea kuvuja unaandikwa nini kwenye faili? Kuna siku utaandikwa umechelewa.


SEHEMU YA 4

"Nesi, hizo ni ndoto za Ulaya."

Haya. Twende Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Hiyo ni Ulaya ya wapi?

Katika mikoa hiyo mitano, hospitali na vituo 30 viliingia kwenye mpango ulioongozwa na Hospitali ya Haydom, kule Mbulu, pamoja na Wizara. Hawakujenga ghorofa. Waliweka midoli ya mazoezi wodini penyewe, mdoli wa mtoto asiyepumua na wa mama anayetoka damu, na wakunga wakawa wanajizoeza pale pale kazini, kidogo kidogo, mara kwa mara. Waliweka vifaa vya kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto tumboni, kimoja kinaitwa Moyo, jina zuri kabisa. Na takwimu za wodi zikawa zinarudi kwa wakunga wenyewe wakae wazijadili: wiki hii wangapi hawakulia, tulianza kuwapa hewa baada ya dakika ngapi.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2025, kwa wazazi karibu 300,000. Vifo vya akina mama vilipungua robo tatu. Kutoka kama 240 kwa kila 100,000 hadi kama 60. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua kama asilimia 40.

Nilisoma nikakaa kimya muda mrefu. Akina mama ni wale wale wa Tabora na Geita, wenye umbali ule ule na barabara zile zile. Kama kilichokuwa kinawaua ni kuchelewa kwao tu, mbona walipona wakunga walipoanza kufanya mazoezi?

Hapo ndipo mimi nashindwa kunyamaza. Tuna dawa ya jambo hili, imepatikana nyumbani, imejaribiwa na watu wetu, kwa Kiswahili, kwenye wodi zinazofanana na yako. Kila siku ambayo haipo kwenye hospitali ya wilaya yako ni siku ambayo mtu ameamua kununua kitu kingine. Atakuwa amenunua nini? Angalia bajeti ya semina. Siku tano hotelini, chai ya saa nne, maji ya chupa, posho, cheti. Mimi pia nimezila hizo semina na nilizifurahia, chakula kilikuwa kizuri. Ila mikono haijifunzi kwa kuangalia picha ukutani. Mwulize fundi cherehani.


SEHEMU YA 5

Fupi, kwa mama wa njiti.

Mwaka 2021 ulitoka utafiti uliofanyika nchi tano, Tanzania ikiwemo. Watoto waliozaliwa wadogo sana walipowekwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, tangu mwanzoni kabisa badala ya kusubiri kwanza "watulie" kwenye kitanda chao, vifo vilipungua kwa robo. Kinachotakiwa ni kifua cha mama, kanga ya kufungia, na nafasi ya kitanda cha mama pale pale kwenye chumba cha wachanga. Hicho cha mwisho ndicho kinachokosekana. Michoro ya majengo yetu inamweka mtoto huku na mama kule, mama anakwenda kumwona mwanawe kama mtu anayetembelea jela.

Ukijifungua njiti ukaambiwa "mama kapumzike wodini, mtoto tunaye", uliza kwa adabu: nitaanza lini kumbeba kangaroo? Uliza siku hiyo hiyo.


SEHEMU YA 6

Sasa majengo. Hapa najua nitaudhi watu.

Tumejenga. Tangu mlipokuwa mnakatwa tozo kwenye miamala ya simu mwaka 2021 mpaka leo, vituo vya afya vimeota kata nyingi, vingine vina vyumba vya upasuaji vizuri kuliko nilikosomea. Utepe unakatwa, ngoma inapigwa, picha zinapigwa. Mimi nashangilia pia, mwanamke wa kata ile hatembei tena nusu siku.

Lakini ukuta haushiki ambu. Kwa miaka mingi taarifa za Wizara yenyewe zimekuwa zikionyesha kwamba karibu nusu ya watumishi wa afya wanaohitajika hawapo. Na hapo hapo, mtaani kwako, kuna binti amemaliza diploma ya uuguzi na ukunga miaka miwili iliyopita, anauza vitenge mtandaoni anasubiri ajira. Wote wawili mnawajua. Wodi isiyo na mkunga na mkunga asiye na wodi, katika wilaya moja.

Mwaka 2001 viongozi wa Afrika walikutana Abuja wakaahidi asilimia 15 ya bajeti iende kwenye afya. Sisi bado hatuifikii. Binti niliyekuwa namfundisha kunyoosha shuka mwaka huo angekuwa mkunga mwandamizi leo.

Kwa hiyo ukinikuta usiku nimenuna, naomba ujue kwamba pengine nina wazazi sita na mimi ni mmoja. Hiyo ni sababu. Si ruhusa. Ndiyo maana sehemu inayofuata nawageukia wenzangu.


SEHEMU YA 7

"Mbona ulipokuwa unafanya hukupiga kelele?"

Nani hajalisikia hilo? Nikiweka kura hapa najua matokeo. Linasemwa leba na watu wazima, wenye watoto wao, kwa msichana wa miaka kumi na tisa anayezaa mara ya kwanza. Na makofi ya mapajani, eti "ili asimuue mtoto". Wenzangu wananiambia nisianike haya hadharani, eti nachafua taaluma. Taaluma inachafuliwa na kofi, anayelitaja hajaichafua.

Na msidhani tusi ni suala la tabia njema tu, kama kusalimia wakubwa. Tusi linaua. Mama aliyetukanwa mwaka juzi, mimba ya pili anakaa nyumbani mpaka uchungu ukolee kabisa ndipo aje, ili akae na sisi muda mfupi iwezekanavyo. Halafu tunamwandika: alichelewa. Mama aliyefokewa saa moja iliyopita hataniita akihisi damu inamtoka chini ya shuka. Ananyamaza. Ataniita jirani yake wa kitanda.

Kuna kitu kimoja kinachopunguza haya haraka kuliko mabango ya "Mteja ni mfalme". Ni kumruhusu mzazi awe na mtu wake. Mama yake, dada, shoga, mume kama faragha ipo. Shirika la Afya Duniani linashauri hivyo, kila mzazi awe na mtu aliyemchagua wakati wa uchungu. Hapa kwetu Kigoma walijaribu kuanzia mwaka 2016, kwenye vituo vya kawaida kabisa vya serikali, na ikawezekana. Huyo mtu anamkanda mgongo, anampa maji, anamshika akitembea, anakimbia kuniita. Kwangu mimi niliye peke yangu zamu ya usiku huyo ni mkono wa tatu. Na ukweli mwingine tunaoujua sote: ni vigumu kumpiga kofi mtu mbele ya mama yake.

Wanasema nafasi hakuna. Pazia linauzwa kila soko.


SEHEMU YA 8

Pesa, nisiisahau, maana mmeuliza sana.

Sera ya afya ya mwaka 2007 inasema mjamzito na mtoto chini ya miaka mitano hawalipii huduma kituo cha serikali. Bure. Na nyie mnaijua hiyo bure: njoo na glavu, njoo na pamba, njoo na wembe, kibanio cha kitovu, mpira wa kutandika, na kule kwingine njoo na ndoo na sabuni. Familia inatumia pesa ya mwezi mzima kununua "bure". Aliyekosa anaona aibu, anakaa nyumbani. Mnajua atakavyoandikwa.

Sipendi kumlaumu nesi anayekupa ile orodha. Bohari haijaleta, atakuzalisha na mikono mitupu? Lakini sipendi pia uongo. Kama vifaa havipo, mwenye mamlaka aseme havipo, tujue tunadai nini. Kusema "ni bure" kwenye jukwaa halafu kumwachia muuguzi wa zahanati aende kulikana neno hilo dirishani, huko ni kutugombanisha sisi na nyie. Na tumegombana kweli, miaka mingi, huku waliotugombanisha wakipita na msafara.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Naiunga mkono kwa moyo wote. Naombeni tu msikubali kuuziwa kadi kana kwamba kadi ndiyo huduma. Kadi inakufikisha dirishani. Nyuma ya dirisha bado panatakiwa mtu, dawa na damu.


SEHEMU YA 9, YA MWISHO

"Sasa sisi tufanye nini, nesi? Sisi ni akina mama tu."

Hiyo "tu" iondoeni kwanza.

Kituo chako cha afya na hata zahanati kina kamati ya usimamizi, na ndani yake wanakaa wananchi wa kawaida, si watumishi peke yake. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za mfuko wa pamoja wa afya zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, hazipitii tena kwa mkubwa mmoja mjini, na kamati inatakiwa kukaa kupanga zitumikeje. Kwa maneno mengine, kuna watu mtaani kwako wenye haki ya kuuliza friji ya oksitosini inaendeshwa na nini umeme ukikatika. Wengi wao hawaulizi kwa sababu hakuna aliyewaambia waulize hilo. Wanaulizwa habari za uzio na rangi ya geti.

Vikundi vyenu vya vikoba vinakutana kila wiki. Vina nguvu kuliko mnavyodhani. Mwiteni huyo mjumbe aje, mpeni soda, mwulizeni maswali ya leba. Ambu iko wapi, na ufunguo usiku uko kwa nani? Wakunga walifanya mazoezi lini mara ya mwisho, pale pale kituoni? Usiku kuna wangapi zamu? Mzazi anaruhusiwa kuingia na mtu wake? Damu ya akiba iko umbali gani? Diwani akija kuomba kura mwulizeni hayo hayo. Akijibu habari za jengo, mrudisheni kwenye swali, taratibu, kama mnavyomrudisha mtoto kwenye sahani ya mboga.

Na akifariki mama. Mungu apishe mbali, lakini inatokea. Kila kifo cha mzazi kinatakiwa kujadiliwa kwenye kikao cha mapitio, kuangalia ni wapi pangeweza kuzuiwa. Kikao hakitafuti mtu wa kumfunga, kinatafuta tundu la kuziba, na ni kikao kizuri kikifanywa kwa ukweli. Ndugu wa marehemu wanaweza kuuliza kama kimefanyika na kituo kimebadilisha nini baada yake. Waulizeni. Mkijibiwa "alichelewa", ulizeni alifika saa ngapi na alipofariki ilikuwa saa ngapi. Muda wa kufika umeandikwa kwenye faili. Nimeona mafaili ambayo kati ya saa hizo mbili kuna masaa tisa.

Dada mmoja ameniuliza tangu jana, na nimeacha swali lake liwe la mwisho: "Nikianza kuuliza uliza, si watanichukia wanifanyie kisirani siku ya kujifungua?"

Hofu yako naielewa, ndiyo maana sikwambii uulize peke yako ukiwa kitandani na uchungu. Uliza ukiwa na mimba ya miezi sita, siku ya kliniki, mkiwa kumi kwenye benchi. Uliza kupitia kamati. Mtume shemeji, mtume baba mkwe, huko kwetu mzee wa kanzu akiuliza swali leba watu wanasimama. Na wapo wakunga wengi, nakuhakikishia, watakaofurahi kimoyomoyo, kwa sababu mama akidai ambu iwe mezani anatudai kitu ambacho na sisi tumekuwa tukikiomba bila kusikilizwa. Mkubwa wangu ananikatalia mimi bila kufikiri mara mbili. Kukatalia wanawake arobaini wa vikoba ni kazi nyingine.

Kesho sina zamu, komenti nitazijibu jioni watoto wakishalala. Usiandike jina la kituo chako hapa wala jina la mtu yeyote. Niandikie jambo moja tu: mjumbe wa wananchi kwenye kamati ya kituo chako, unamjua au humjui?